Edita Zilizopita Mikononi Mwetu: Historia Kutoka Chumba Kimoja cha Custom

Mwezi uliopita dada mmoja wa shirika alitutembelea hapa Custom, Juba, akatukuta tunabishana kwa sauti mpaka jirani wa duka la simu alikuja kuchungulia mlangoni. Dada akauliza, "Jamani, mnagombania nini?" Tukamwambia tunagombania programu ya kuandikia tovuti. Alicheka sana. Halafu akauliza swali ambalo tulishindwa kulijibu vizuri siku ile: kwa nini kila mwaka mnahama kutoka programu moja kwenda nyingine? Si mchague moja mkae nayo?

Dada, hili ndilo jibu lako. Ni refu kidogo.

Kwa wale ambao hawajawahi kugusa kazi hii: kutengeneza tovuti ni kuandika. Ukurasa unaouona kwenye simu, wenye picha na rangi, chini yake kuna faili la maandishi ya kawaida lenye alama za kuiambia kompyuta hiki ni kichwa, hiki ni aya, hiki ni kiungo. Kitu cha kuandikia faili hilo ndicho Waswahili wa vitabuni wanaita kihariri. Sisi tunasema edita. Wengine walijaribu kuita maandishi yenyewe "kodi", tukakataa, maana kodi Juba hii ni ya nyumba na tayari inatuumiza.

Tulianza mwaka 2021, watu tisa, laptopu tatu za kupewa, mbili zikiwa na Windows 7. Wengine wetu tulikulia Kakuma, wengine Bidi Bidi, wawili wametoka Kongo kupitia Yei. Kiarabu cha Juba tunakisema sokoni, lakini ndani ya chumba lugha yetu ni Kiswahili. Baadhi yetu tunajitolea kambini Gorom, nje ya mji, na tunakutana Custom kwa sababu kila gari linapita hapa: la Gudele, la Jebel, la Munuki, la mjini. Umeme tunaununua kwa siku kutoka kwa mzee mwenye jenereta. Akizima, na sisi tumezima.

Edita yetu ya kwanza ilikuwa Brackets, ya kampuni ya Adobe. Kijana aliyetufundisha aliipenda kwa sababu ukiandika upande huu unaona ukurasa ukibadilika upande ule, hapo hapo. Kwa mtu anayeanza, hiyo ni raha kubwa. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Septemba 2021, Adobe iliacha kuihudumia. Tukahamia Atom, ya kampuni ya GitHub. Ilikuwa nzito lakini nzuri, na tuliizoea. Tarehe 15 Desemba 2022 GitHub nao wakaifunga. Yaani ndani ya miezi kumi na sita edita mbili zilitufia mikononi. Mmoja wetu alisema sisi ndio tuna mkosi, tukiingia tu, nyumba inabomoka. Tulicheka, lakini tuliogopa kweli. Ndipo tukafanya kosa ambalo mpaka leo linatuuma: kwenye laptopu ile dhaifu kabisa tukarudi kuandikia Notepad, ile ndogo inayokuja na Windows yenyewe. Tulisema, angalau hii haifi.

Haikufa yenyewe. Iliua kazi yetu.

Baada ya vita kuanza Sudan mwezi Aprili 2023, familia nyingi zilifika Juba na watoto ambao masomo yao yalikatika katikati. Wazazi walikuwa wanauliza maswali yale yale: shule gani inapokea mtoto asiye na cheti, sare ni kiasi gani, wanataka karatasi gani. Tuliamua kutengeneza ukurasa mmoja wa kujibu hayo. Wiki mbili tulitembea kwa miguu, shule kwa shule. Mwanzo tuliandika kwenye daftari, mwisho tukachoka, tukawa tunarudi na habari kichwani na kuziandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Siku ya Alhamisi, saa kumi jioni, jenereta ilizimika. Laptopu ile betri yake ni pambo tu. Aliyekuwa anaandika hakuwa amesevu tangu saa nane. Shule kumi na moja zilipotea, pamoja na majina ya watu wa kuonana nao pale.

Tulizifuata tena zile shule, ikatuchukua siku sita. Katikati ya siku hizo mama mmoja alikuja kuuliza kuhusu binti yake wa darasa la saba, tukamwambia arudi wiki ijayo. Aliporudi, shule iliyokuwa karibu naye ilikuwa imeshajaza nafasi. Hakutulaumu. Alisema tu, "Malesh," akaenda. Tangu siku hiyo habari ya edita kwetu imeacha kuwa mchezo wa vijana wa kompyuta.

Ndipo tukaanza kusoma historia. Tulitaka kujua kwa nini vitu hivi vinakuja na kuondoka, na kama kuna kimoja ambacho kimekaa.

Kumbe mwanzoni watu waliandika bila kuona. Mwaka 1969 huko Marekani, Ken Thompson, mmoja wa waliounda mfumo wa Unix, alitengeneza edita iitwayo ed. Wakati ule wengi hawakuwa na skrini. Ulikuwa na mashine kama taipu iliyounganishwa na kompyuta, inachapa kwenye karatasi. Hukuweza kuona ukurasa wote. Uliiambia kompyuta "nionyeshe mstari wa tano", inauchapa, halafu unaiambia badilisha neno hili liwe lile. Ni kama kumtuma mtoto dukani kwa simu: lazima ueleze kila kitu kwa ufupi na kwa usahihi.

Mwaka 1976 mwanafunzi wa chuo cha Berkeley, Bill Joy, alitengeneza vi, na hapo skrini nzima ilionekana. Lakini sehemu iliyotushika sisi ni hii: alikuwa anafanya kazi kupitia modemu ya polepole sana, bodi 300, yaani herufi kama thelathini kwa sekunde. Unaweza kuandika haraka kuliko skrini inavyoweza kukuonyesha. Kwa hiyo amri za vi zikawa fupi mno: herufi moja inafuta, nyingine inanakili, nyingine inakupeleka mwisho wa mstari. Na kibodi ya mashine yake, ADM-3A, haikuwa na vitufe vya mishale peke yake. Mishale ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l. Mpaka leo watu duniani kote wanapanda na kushuka kwa herufi hizo, na wengi hawajui ni kwa sababu ya kibodi moja ya zamani. Kitu kilichozaliwa na mtandao mbovu kiliwafaa watu wenye mtandao mzuri kwa karibu miaka hamsini. Sisi wa bando la kuhesabu tulipoisoma hii tulijisikia, kidogo, kwamba tuna ndugu California.

Tovuti zenyewe zilikuja baadaye. Tim Berners-Lee alizianzisha akiwa CERN, kituo cha sayansi kilichoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva. Ndugu zetu wa mashirika wanaijua Geneva kwa makao makuu ya UNHCR. Basi ni mji huo huo. Kivinjari chake cha kwanza cha mwaka 1990 kilikuwa pia edita. Ungeweza kusoma ukurasa na kuuandika kwa dirisha lile lile. Vivinjari vilivyokuja baadaye na kupendwa na watu wengi viliacha sehemu ya kuandika. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo watu waligawanyika: wachache wa kuandika, wengi wa kusoma. Kama kivinjari cha simu yako kingekuwa na uwezo ule, huenda makala hii nzima isingehitajika.

Miaka ya tisini Microsoft wakaleta FrontPage, na mwaka 1997 kampuni ya Macromedia ikaleta Dreamweaver. Hizo ziliahidi kwamba huhitaji kujua alama. Unavuta picha, unaiweka, basi. Hatutakaa hapo sana. FrontPage ilijaza faili takataka ambazo hata mwenyewe huzielewi, na Dreamweaver ni ya kununua.

Sasa tufike Uganda.

Mwaka jana tuliamua kuijaribu Vim kwenye laptopu ile dhaifu, kwa sababu ni ndogo, kuipakua ni karibu megabaiti 10 tu. Tukaifungua. Skrini tupu, na katikati maandishi machache. Mmoja wetu aliyekulia Bidi Bidi akasoma, akanyamaza, akasoma tena. Programu ilikuwa inatuomba, kwa Kiingereza, tusaidie watoto maskini wa Uganda. Akageuka akasema, "Kwa hiyo huyu mtoto ni mimi?"

Hapo ndipo ugomvi wetu mkubwa ulianza, na sio ule aliousikia dada. Huu ulichukua wiki nzima.

Historia yake ni hii. Vim ilitengenezwa na Mholanzi, Bram Moolenaar. Alikuwa na kompyuta ya Amiga, na vi aliyoipenda haikuwepo kwa mashine hiyo. Akachukua programu nyingine ndogo iliyoiga vi, akairekebisha, akaendelea kuirekebisha, na mwaka 1991 akaitoa kwa watu bure. Mwaka 1994 alikwenda Uganda kujitolea, akakaa mwaka mmoja Kibaale, mji mdogo wa wilaya ya Rakai, kusini kabisa kuelekea mpaka wa Tanzania. Kazi yake huko ilikuwa maji na usafi. Rakai wakati huo ilikuwa inazika watu kwa UKIMWI, na watoto wengi walibaki bila wazazi. Kulikuwa na kituo cha kuwasomesha. Aliporudi Uholanzi alisaidia kuanzisha mfuko uitwao ICCF Holland, na akabadilisha masharti ya Vim: itumie bure, inakili, mpe mwenzako, lakini kama umeipenda, fikiria kutoa chochote kwa watoto wa Kibaale. Ukiandika amri ya msaada na neno "uganda" ndani ya Vim, inakueleza yote. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62. Toleo la 9.1 lililotoka Januari 2024 liliwekwa kwa kumbukumbu yake. Kazi ya Kibaale sasa imebebwa na shirika la Kanada lenye jina la Kiswahili kabisa, Kuwasha. (Hatujui kama waliambiwa kwamba neno hilo ni la taa na pia la upupu.)

Upande mmoja wa chumba ulisema: huyu mtu alikuja, akakaa mwaka, akafanya kazi ya vyoo na maji, hakuja wiki mbili kupiga picha. Alikuwa na skrini inayofunguliwa na watu wengi sana duniani, angeweza kuiuza kwa matangazo ya biashara. Akaipa Kibaale. Kwa karibu miaka thelathini. Wangapi wamefanya hivyo?

Upande wa pili ulisema: sawa, lakini mtoto wa mwaka 1994 leo ana miaka zaidi ya thelathini. Labda ni mwalimu, labda anaandika tovuti na Vim hiyo hiyo. Kila asubuhi akifungua kazi yake anaambiwa asaidie mtoto maskini, na mtoto huyo ni yeye. Lini atakua? Yule ndugu yetu wa Bidi Bidi alisema jambo ambalo hatujalisahau: yeye hana shida na kusaidiwa, amesaidiwa maisha yake yote, sare yake ya shule ilikuwa ya msaada, shida yake ni kuandikwa mlangoni.

Hatukumaliza ugomvi huo. Sisi tunaoandika hapa tuko katikati: tunamheshimu Bram, na maneno yale ya mlangoni tungependa yaandikwe upya na mtu wa Rakai. Ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika, hata mabango yenu mengine yana shida hii hii, tunasema kwa upendo.

Tukarudi kwenye kazi. Vim ina kitu ambacho kwa Custom ni dhahabu. Unapoandika, inaweka nakala pembeni kwenye faili la siri: kila herufi 200, au ukinyamaza sekunde nne. Jenereta ikizimika, ukirudi inakwambia nimepata faili la kuokoa, unataka? Tuliijaribu kwa makusudi. Tuliandika ukurasa, tukachomoa waya. Tukawasha. Ilikosekana nusu sentensi tu. Mwenzetu aliyepoteza zile shule kumi na moja alirudia jaribio hilo mara tatu, hatukumwambia aache.

Lakini Vim ni ngumu, tusidanganyane. Siku ya kwanza mmoja wetu alishindwa kutoka ndani yake, akazima laptopu kwa kitufe. Asione aibu: mwaka 2017 tovuti ya Stack Overflow ilitangaza kwamba swali la jinsi ya kutoka kwenye Vim lilikuwa limefunguliwa zaidi ya mara milioni moja. Wadogo wetu wanaojifunza wiki ya kwanza hawawezi kuanzia pale.

Kwa hiyo tukaja kwenye VS Code, na huu ndio ugomvi aliousikia dada. Microsoft waliitangaza mwezi Aprili 2015, na kwenye uchunguzi wa Stack Overflow wa mwaka 2023 zaidi ya asilimia 70 ya waliojibu walisema wanaitumia. Masomo mengi ya mtandaoni yanaionyesha hiyo. Ukiomba kazi, watakukuta nayo. Tena kuna kichekesho: imejengwa juu ya kitu kiitwacho Electron, ambacho GitHub walikitengeneza kwa ajili ya Atom. Microsoft waliinunua GitHub mwaka 2018, miaka minne baadaye Atom ikafungwa. Mifupa ya Atom yetu inatembea ndani ya VS Code.

Na Electron ndiyo inayotuumiza. Ndani yake mmefungwa kivinjari kizima, kwa hiyo unafungua edita na kompyuta inabeba kama imefungua Chrome nyingine. Kuipakua ni karibu megabaiti 100, na kila mara inataka toleo jipya. Ni kweli intaneti ya hapa imeendelea: nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, na waya wa faiba ukaingia Juba mwaka 2020 kutoka upande wa Uganda, kabla ya hapo mji ulitegemea zaidi setilaiti. Lakini faiba ya mji na bando la mfukoni ni vitu viwili. Tena toleo la mwisho linalokubali Windows 7 ni 1.70.3. Laptopu zetu mbili haziwezi kupita hapo.

Jambo lingine, hili ni la wale wanaoshika habari za wakimbizi: ikiwa hujaigusa, VS Code inatuma kwa Microsoft taarifa za jinsi unavyoitumia. Unaweza kuizima kwenye mipangilio, sehemu ya telemetria. Sisi tumeizima. Ipo pia VSCodium, ambayo ni ile ile bila kitu hicho. Na sio edita tu: usiandike namba ya simu ya mtu kwenye faili litakalokwenda hewani bila kumwuliza. Ukurasa wetu wa shule hauna namba ya mzazi hata mmoja.

Uamuzi tulioufikia si mzuri sana kwa picha. Laptopu mpya ina VS Code, na wanafunzi wanaanzia hapo. Laptopu moja ya Windows 7 ina Notepad++, ya Don Ho, ambayo ipo tangu 2003, ni nyepesi na nayo inajiwekea nakala. Ile dhaifu tumeifuta Windows, tumeweka Linux na Vim, na anayeitumia zaidi ni yule yule wa Bidi Bidi. Amebadilisha mipangilio ili salamu ya kwanza isionekane. Ni mstari mmoja tu. Wa Kuwasha hawatakasirika, tunafikiri.

Kilichotuwezesha kugawanyika hivyo bila kugombana zaidi ni lile faili lenyewe. Ni maandishi matupu. Linaandikwa asubuhi kwenye VS Code, mchana linabebwa na flashi, jioni linafunguliwa na Vim, na hakuna anayejua limetoka wapi. Brackets ilikufa, Atom ikakufa, na kurasa tulizoandika humo mwaka 2021 zinafunguka mpaka leo. Tungekuwa tumezijenga kwa programu inayofunga kazi yako ndani ya aina yake ya faili, tungekuwa tumezika na kurasa.

Ukurasa wa shule uko hewani tangu Februari. Yule mama alikuja tena mwezi uliopita, safari hii kwa ajili ya mtoto wa dada yake. Tulimwonyesha kwenye simu yake, akasoma, akauliza kama shule ile ya kwanza bado imejaa. Tukafungua faili tukaangalia. Kulikuwa na nafasi mbili.